Mtaalamu wa Ghala la Newala

Kampuni yetu iliponunua mfumo mpya wa kompyuta, mimi nilikuwa ofisa utumishi, nikikaa chumba cha juu, dirisha langu likitazama milima ya mawe ya Masasi. Asubuhi mawe yale huwa na rangi ya bluu iliyofifia, kama kitu kilichooshwa na bado hakijakauka, na mara nyingi nilijikuta nimeacha kazi nayatazama tu. Kampuni ilikuwa ya familia moja ya hapa hapa mjini. Walihifadhi korosho na ufuta wa watu, ghala moja Masasi, jingine juu Newala. Mkuu wetu alikuwa Hajati, mama mtu mzima aliyerithi biashara kwa baba yake. Hakuwa mtu wa kelele. Akiingia ofisini tulisimama, tukamwamkia shikamoo, naye akaitika marahaba kwa sauti ya chini, kama anayeitikia dua.

Mfumo ulikuwa mkubwa. Ulikusanya mahali pamoja mambo tuliyozoea kuyafanya kila mtu kivyake: mzigo unaoingia na kutoka ghalani, hesabu, mishahara, ununuzi wa magunia. Waliotuuzia walikaa nasi kidogo, wakatufundisha kubonyeza hiki na kile, wakaaga. Walisema tutahitaji mtaalamu wetu wenyewe wa kuuangalia. Hajati akanigeukia.

"Mwanangu, tutafutie mtu. Msimu hautusubiri."

Tukatangaza. Katika waliokuja alikuwepo bwana mmoja kutoka Dar es Salaam. Alikuwa amesafiri na basi tangu jana yake, lakini suti yake ya kijivu haikuwa na mkunjo hata mmoja. Aliongea taratibu, kwa Kiswahili kizuri, akataja makampuni makubwa aliyopitia, na kila jina lilipotua mezani mimi na Hajati tuliitikia kwa kichwa. Tulimuuliza amesoma wapi, amefanya kazi wapi, ataanza lini. Nje upepo ulikuwa unaleta harufu ya mabibo yaliyoiva, na nakumbuka nilijisikia mwepesi, kama shida imekwisha kabla haijaanza.

"Huyu ndiye," Hajati alisema mlango ulipofungwa.

Msimu ulipofunguliwa nilipanda naye Newala. Ukungu ulikuwa umelala juu ya barabara nyekundu, na mikorosho ilitokea pembeni mmoja mmoja kisha ikapotea. Ghalani lori la kwanza lilikuwa limekwisha kufika, wenye mali wamekaa juu ya magunia wamejifunika kanga na makoti. Karani wa ghala akapima mzigo, akapima unyevu, akasema lori hili lina korosho za vikundi viwili vya wakulima na madaraja mawili ya ubora, tuzitenganishe kwenye mfumo.

Bwana wa suti ya kijivu akakaa mbele ya kompyuta. Akabonyeza. Kioo kikakataa. Akajaribu njia nyingine, na mali ya vikundi viwili ikajiandika kama ya mtu mmoja. Akafuta, akaanza upya. Nilimtazama shingo. Ilikuwa imelowa jasho na baridi yote ile. Lori la pili likaja, na la tatu likasimama nyuma yake.  Karani alichukua kalamu na karatasi, akaanza kupokea mizigo kwa mkono kama miaka yote. Mwishowe yule bwana akainuka akatoka nje, nami nikamfuata.

Alikwenda mpaka ukingoni, pale uwanda unapokatika na bonde linafunguka. Ukungu ulikuwa unapanda. Chini kabisa Ruvuma ilionekana kama uzi uliodondoka, na ng'ambo yake Msumbiji ilikuwa bluu tupu, huwezi kusema ni nchi au ni mbingu.  Nilihisi kama mtu anayeota ameingia nyumbani kwake na kukuta vyumba vimehamishwa.

"Dada," alisema, "sehemu ya ghala sijawahi kuigusa."

"Lakini uliandika kwamba umefanya kazi na mfumo huu huu."

"Nimefanya, upande wa hesabu. Kule tulikuwa wengi, kila mtu na sehemu yake. Wa ghala alikuwa mwingine, nilikuwa nakutana naye kwenye chai tu."

"Mbona hukusema?"

"Hamkuniuliza. Mliniuliza nimefanya kazi wapi. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa nafanya nini." Akafuta uso kwa kiganja. "Nilidhani wa ghala nitamkuta hapa."

Nilitaka kukasirika, hasira haikuja. Ningemkasirikia nini? Alikuwa amesema kweli tupu. Upepo wa bonde ulikuwa wa uvuguvugu, nasi tulirudi ghalani polepole.

Nilipomweleza Hajati nilitegemea aseme mtu yule arudi kwao. Alizungusha tasbihi vidoleni.

"Upande wa hesabu anaujua?"

"Anaujua sana. Hesabu zetu sasa hivi ziko safi."

"Basi akae na hesabu zake. Na huyo wa ghala, muulize bwana huyo huyo tumtafuteje. Mimi na wewe tumeshaona tunavyojua kutafuta."

Kwa hiyo tukakaa, mimi na bwana yule, alasiri nzima, kwenye chumba changu cha juu. Hakuanza na habari za kompyuta. Aliniambia nimsimulie safari ya gunia, tangu linaposhushwa mpaka linapochukuliwa na mnunuzi, nami nikasimulia, na kadiri nilivyosimulia ndivyo nilivyoona ni mambo mangapi nilikuwa siyajui. Tulipoishiwa maneno tulimwita karani kwa simu atujazie. Baada ya hapo tangazo likawa fupi na la wazi: tunataka mtu aliyewahi kupokea mzigo, kuutenganisha na kuutoa kwa mfumo huu, kwa mikono yake mwenyewe.

"Na wakija," alisema, "msiwaulize kama wanaujua. Kila mtu atasema anaujua. Mpeni lori."

"Lori?"

"Lile lililonishinda mimi. Mwekeeni takwimu zake kwenye kompyuta, halafu mnyamaze."

Walikuja wachache. Mmoja alikuwa na maneno matamu kuliko hata ya bwana wa kwanza, mpaka Hajati akaanza kutabasamu. Alipopewa lori, alituhadithia mfumo ulivyobuniwa ughaibuni na unavyotumika duniani kote. Lori likabaki pale pale. Nilimpigia simu mdhamini wake, akamsifu sana. Nikauliza, siku mambo yalipoharibika kazini, huyu alifanya nini? Nikasikia jogoo akiwika upande wa pili. "Hapo, mama," alisema, "sina uhakika."

Kisha akaja binti aliyekulia jirani na Chidya, ambako mama yake bado analima. Alikuwa amefanya kazi kwenye maghala ya mikoani. Alikaa, akatazama takwimu bila kugusa kitu.

"Lori hili ni mali ya mtu mmoja au ya wengi?" aliuliza.

Nilimwona bwana wa hesabu, aliyekaa pembeni kama msaili mwenzetu, akiegemea kiti kwa mara ya kwanza siku ile.

Binti akafanya kazi. Mahali fulani alikwama, akasema, "Hapa sijui. Ningekuwa kazini ningempigia mwenzangu wa zamani." Hajati akamwambia piga. Akapiga mbele yetu, wakaongea kama ndugu, na mzigo ukatengana madaraja mawili, vikundi viwili, kila kimoja na stakabadhi yake. Halafu akatugeuzia maswali yeye. Nani atakuwa mwenzake? Akiumwa, nani atashika? Kuna mtu wa ghalani ambaye yeye anaweza kumfundisha mfumo?

Hajati akacheka, jambo la nadra. "Sasa ni nani anayemsaili mwenzake?"

Nami nilimweleza Newala bila kuipamba: umeme hukatika, mtandao huja unavyotaka, maji ni ya kununua kwa madumu.

"Bibi yangu alikaa Newala," alisema. "Kuoga kwa kikombe najua."

Hata hivyo hatukumpa mkataba siku ile. Hajati alitaka kwanza apande ghalani akakae na karani, karani amwone kazini, naye binti aione kazi. Msimu ulikuwa bado haujaisha. Nilikuwepo lori lilipoingia, likiwa limebeba korosho mchanganyiko kama lile la mwanzo. Karani alisimama nyuma ya kiti cha binti. Nilisikia vidole kwenye vibonyezo, na nje watu wakizungumza Kimakonde kwa sauti za chini.

"Imekubali," karani alisema, kama anayemnong'oneza mtoto aliyelala.

Alasiri bwana wa hesabu alipanda kutoka Masasi kuona takwimu za ghala zinavyoingia kwenye vitabu vyake. Haukupita muda wakaanza kubishana, yeye na binti, juu ya jambo fulani la mfumo ambalo sikulielewa mwanzo wala mwisho. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya magunia nakula ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini vya huku kwetu, usingizi umeanza kunivuta, sauti zao zikipanda na kushuka.

Simu ikaita. Alikuwa Hajati.

"Vipi huko juu?"

"Wanabishana, Hajati."

"Kuhusu nini?"

"Hata sielewi."

 "Basi vizuri, wanaojua ndio hubishana. Mwandalie binti mkataba," alisema, akakata.

Mvua ilikuwa inanyesha bondeni, mbali, juu ya Ruvuma, ikitembea polepole upande wa Msumbiji. Kwetu jua lilikuwa bado linawaka. Nililaza kichwa juu ya gunia, nikaitazama mvua mpaka nikasinzia.