Nilichagua Mbwa Jike, Tukafungiwa Ndani

Mke wangu alishikwa na uchungu wa mtoto wetu wa kwanza tukiwa tumefungiwa ndani ya nyumba, mbwa tisa wako mlangoni.

Saa nne asubuhi, Jumamosi, mtaa wa Izia, hapa hapa Sumbawanga. Majirani wanatuona. Hakuna wa kusogea.

Najua mtacheka. Chekeni tu, ila someni mpaka mwisho.

Mimi naitwa Evaristi, fundi simu. Mwaka jana wezi waliruka ukuta wetu wakabeba kuku wote na masufuria. Nikasema basi, natafuta mbwa.

Mathias, mshikaji wangu tunayepakana ukuta, akanishauri. "Chukua dume. Jike ni matatizo."

Mafundi wenzangu kila mmoja na lake. Mara dume ni mzururaji, mara jike ndiye anayejua kulinda. Nikabaki njia panda.

Nikapanda pikipiki mpaka Msanzi kwa Kija, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia huko na ng'ombe wake. Mbwa wake alikuwa amezaa, watoto wamebaki wawili.

Dume, kifua kipana, anatafuna kamba za viatu vyangu. Na jike, mwembamba, amekaa ananitazama tu.

"Huyu dume atakuwa mkali," Kija akaniambia. "Ila akinusa jike ng'ambo, humwoni siku tatu."

Mkewe, Kabula, akadakia huku anakamua. "Jike haendi popote. Wenzake ndio watamfuata."

Mimi nikasikia "haendi popote". Hayo mengine yakapita.

Nikambeba jike. Nikamwita Tausi.

Fransiska, mke wangu, alimtazama, akasema "sawa", akaendelea na shughuli zake.

Miezi tisa ikapita. Natoka saa moja asubuhi, narudi jioni. Tausi akawa mlinzi kweli, hakuna kuku aliyepotea tena. Fransiska naye tumbo likakua.

Mwezi wa saba, na ule upepo wetu wa baridi, Tausi akaingia kwenye joto. Siku ya kwanza nikaona dume mmoja nje ya geti. Kesho yake wanne.

"Geti lisiachwe wazi hata dakika moja," nikamwambia Fransiska.

Jumamosi nimelala mpaka jua limepanda. Natoka, geti liko wazi. Uwanja umejaa madume.

Nilimvuta Tausi kwa ngozi ya shingo, nikamtupia ndani, nikabamiza mlango. Huko nje wakaanza kuraruana kwenye kizingiti. Mlango unatikisika, komeo linaruka ruka.

Kati yao kulikuwa na mmoja mwekundu. Udenda unamtiririka mpaka kifuani, anatikisa kichwa kama kuna kitu kimemwingia.

Mathias akachungulia juu ya ukuta. "Evaristi, usitoke. Yule mwekundu ana kichaa."

Mlango wetu ni mmoja. Madirisha yote yana nondo, niliyaweka mwenyewe baada ya wale wezi. Nilizunguka chumba hadi chumba, kumbe vyumba vyenyewe viwili tu.

Ndipo Fransiska akashika ukingo wa meza.

"Evaristi. Chupa imepasuka."

Nikapiga kelele dirishani kwamba mtoto anakuja.

"Mtoe huyo jike," Mathias akaita. "Wataondoka naye wote."

Akili ikaniambia ndiyo dawa. Tausi alikuwa chini ya kitanda, anatetemeka. Nikamburuta mpaka mlangoni, mkono kwenye komeo.

"Mwache," Fransiska akasema.

"Mke wangu, hatuna njia nyingine."

"Nimesema mwache. Ukimtoa, mimi hapa sitoki."

Nikamwachia. Nikampigia Theodory, dereva wa bajaji, nikamweleza. Hakuuliza mara mbili.

Aliingia getini kinyumenyume, honi haikomi, mpaka upande wa kupandia ukagusa fremu ya mlango. Mathias juu ya ukuta anawatupia vipande vya matofali. Nikafungua, nikamwingiza Fransiska, nikaufunga mlango na Tausi ndani. Yule mwekundu akarukia ubavu wa bajaji, udenda ukapaka turubai pembeni ya uso wangu. Fransiska akafumba macho.

Saa nane mchana, hospitalini, akajifungua mtoto wa kike.

Baadaye Mathias akapiga simu. Bwana mifugo alikuja, wakamkamata yule mwekundu kwa kamba. Hana kichaa. Mfupa ulikuwa umemkwama kwenye kaakaa, hawezi kufunga mdomo. Umetolewa, amekunywa maji ndoo nzima.

Nikacheka peke yangu. Nikamsimulia Fransiska. Yeye hakucheka.

"Geti nilifungua mimi," akasema.

Nikadhani sijasikia vizuri.

"Asubuhi, bado umelala. Nilitaka aende nao asirudi. Miezi yote hii nampikia, nazoa mavi yake, na tumbo hili. Ulimuuliza Mathias. Ukamuuliza Kija. Mafundi wenzako wote umewauliza dume au jike. Mimi hukuniuliza hata kama nataka mbwa."

Nikavuta kiti karibu na kitanda chake.

"Sasa mbona ulinizuia kumtoa?"

Akamfunika mtoto vizuri.

"Nilimwona pale chini ya kitanda. Kila mtu anaamua habari zake na yeye hana pa kutokea. Nikaona huyo ni mimi."

Tausi tunaye bado. Tulikaa wawili tukajadili, Fransiska ndiye aliyesema abaki. Bwana mifugo amemfunga kizazi. Chakula chake napika mimi, na uwanja nafagia mimi kabla sijaenda kazini.

Wengi mnauliza humu, bora dume au jike. Ndugu zangu, wote wanabweka. Kabla hujaenda kuchagua, kaa chini na mtu atakayebaki na huyo mbwa nyumbani kutwa nzima, umuulize anataka nini. Kisha nyamaza umsikilize. Mimi niliyasikia wodini, mtoto akiwa na saa tatu duniani.