Aproni za Maasistanti Wanaume

Sijui kama mimi ndiye wa kuandika haya. Shule niliiacha mwaka wa pili wa sekondari, na mambo ya chuo kikuu nayaona toka mlangoni tu. Lakini siku ile nilikuwepo, na furaha yake bado inanitekenya, basi naandika.

Mudogo wangu wa kike ni asistanti, mwalimu msaidizi, kwenye chuo kimoja hapa Bukavu. Alitaka kuanza kazi yake ya udaktari, ule wa vitabu si wa hospitali, juu ya udongo unaoporomoka kwenye vilima vya Kalehe. Kabla ya kuanza, lazima usimame mbele ya maprofesa wa idara, ueleze unachotaka kutafuta, nao waseme ndiyo au hapana. Wakisema hapana, unangoja mwaka mwingine, na yeye alikuwa amekwisha kungoja mmoja.

Idara yao ina profesa mwanamke mmoja tu. Kila Jumamosi alikuwa akimleta mudogo wangu kwenye chumba changu cha kushonea, kwa sababu pale hakuna mtu wa kuwakatiza. Mudogo wangu anasimama kati ya vitambaa, anaanza, "Munisamehe kama nitakosea..."

"Umekosea nini?" maman profesa anamuuliza. "Haujasema hata kitu! Anza tena."

Alianza tena na tena, mpaka mimi mwenyewe nikawa ninaota ule udongo.

Kisha maman profesa akaniletea vipimo vya aproni. Nikavitazama.

"Maman, kifua kikubwa hivi, ni ya mupishi gani?"

"Ni ya asistanti wanaume. Siku ya seminari watagawa chupa za sukre na sambusa."

Nilishika kichwa. Pale maasistanti wanawake ndio waliogawa vinywaji siku zote, hata yule ambaye zamu yake ya kusema ilikuwa inakaribia. Aliweka sinia chini, akaenda kueleza kazi yake mikono ikinuka mafuta.

"Watasema ni juu yake, watamuchukia mudogo wangu," nikasema.

Niliwaza vibaya, na ni haki niseme. Mkuu wa idara alikubali bila vita. Alisema ni vile tu hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza jambo hilo kabla. Na wale wanaume walivaa aproni zangu wakicheka. Mmoja hata aliomba nimuongezee mfuko wa kalamu.

Siku yenyewe nilikaa nyuma kabisa, mtoto wa mudogo wangu magotini. Asistanti mmoja mwanaume alitangulia, akaeleza kazi yake ya kule Shabunda, mbali kuliko Kalehe, wakamkubalia, akavaa aproni na kuchukua sinia. Mudogo wangu akasimama. Hakuomba msamaha! Aliingia moja kwa moja kwenye udongo. Moyo wangu ulikuwa unapiga kama cherehani.

Alipomaliza, profesa mmoja mzee akamuuliza kwa upole:

"Maman, Kalehe utakaa miezi mingi. Mutoto utamuachia nani?"

Nadhani hakuwa na ubaya. Lakini mudogo wangu akaanza kupekua karatasi zake, kama vile jibu liko humo.

Maman profesa akainua mkono. "Papa profesa, swali ni nzuri. Tumuulize na huyu wa Shabunda. Wewe, watoto wako utawaachia nani?"

Yule mwenye sinia akashangaa. "Watoto? Si wako na mama yao!"

Watu walicheka mpaka chupa zikagongana. Naye, tumpe haki yake, akatikisa kichwa: "Kweli, mimi hakuna mutu aliniuliza."

Hapo mudogo wangu akaweka karatasi chini. "Wangu atabaki na yaya wangu, mukubwa wangu ule kule nyuma. Na baba yake iko. Sasa, papa, hautaniuliza kitu juu ya udongo?"

Mzee naye akacheka. Kisha akamuuliza juu ya udongo, na akamuuliza vikali kweli. Sikuelewa hata nusu. Niliangalia mikono ya mudogo wangu tu: ilikuwa inachora vilima hewani.

Mkuu akasimama: "Mradi umekubaliwa..."

Nikapiga vigelegele! Mtoto akaruka magotini.

"Maman ule wa nyuma, ngoja kwanza! Iko masahihisho!"

Nilitamani kuingia chini ya benchi. Lakini maman profesa alikuwa amekwisha kupiga vigelegele vyake, kwa sauti kubwa kuliko yangu, na wasichana wa idara wakafuata. Masahihisho yalisomwa katikati ya kelele.

Sasa mtoto analala kwangu, baba yake anampitia kila asubuhi kumpeleka shule. Juzi mudogo wangu alipiga simu toka Kalehe, upepo ukimkata maneno.

"Yaya, tumeanza kuchimba! Ungeona rangi ya udongo!"

"Rangi gani?" nikauliza, na akanieleza mpaka uniti za simu zikaisha.