Nkhungu ya Upande wa Pili

Walinipima kwenye mizani ya mpunga. Mashine ya kukoboa iliyo jirani na gesti yetu pale Kyela haikuwa na wateja asubuhi ile, basi mwenyekiti wa klabu ya marubani, mama mmoja daktari wa meno, akamwomba mwenye mashine atuachie kidogo ile mizani ya magunia. Tukapanda mmoja mmoja na mabegi yetu. Ndege ndogo, alisema, haina huruma na mtu mzito.

"Huyu mwembamba hivi tutambeba na gunia la mchele juu," alisema mwenzake, mzee mstaafu ambaye naye ni rubani.

"Mchele wa Kyela ndio unanukia, babu. Utaniacha mimi ubebe gunia," nikamjibu.

Tulicheka wote.

Shule niliacha mapema, si kwa ujinga bali kwa kutotulia. Nimebeba kakao Makwale, nimeuza vyungu vya Ikombe, nimevuka mpaka wa Kasumulu na vitenge zaidi ya ninavyoweza kukumbuka. Ndiyo maana nilielekezwa kwa hao wawili. Klabu yao ni ya watu wanaorusha ndege zao wenyewe kwa kupenda tu, na walikuwa wanapanga safari ya pamoja ya kwenda Malawi, ndege nne zikifuatana kutoka Mbeya. Wawili hawa walitangulia kwa gari ili waone ziwa kwa macho na kumpata mtu mwenye ndugu ng'ambo. Ujira wangu ulikuwa kiti ndani ya ndege. Nilikubali kabla mama hajamaliza kusema. Hofu ilinikuta baadaye, tulipokunjua ramani.

"Injini ngapi?" niliuliza.

"Moja."

"Ikizima?"

"Ndege haianguki kama jiwe, kaka yangu. Inateleza hewani taratibu."

"Inateleza mpaka wapi?"

Mama alisogeza kidole juu ya rangi ya bluu, akakiacha hapohapo. "Ndiyo hesabu tunayopiga," alisema.

Wakaanza kuzungumza juu ya maboya ya kuvaa, juu ya nani aruke nyuma ya nani, juu ya mafuta ya ndege ambayo huku hayapatikani. Mimi nilikuwa nakitazama kile kidole. Ziwa lile nalijua kwa mtumbwi. Nimeona upepo wa milima ya Livingstone ukilishukia mchana kweupe, watu wazima wakiita mama zao. Sasa nilitakiwa kulipita kwa chombo ambacho hakiwezi hata kusimama kingoje.

Kazi yangu ilikuwa kumpigia simu shangazi yangu aliyeolewa Karonga, kila asubuhi, nimuulize ziwa limeamkaje upande wake. Siku ile alijibu kwa lugha yake ya mchanganyiko: "Mwanangu, leo nkhungu imetanda, usiseme!"

Niliwageukia: "Ukungu. Umetanda."

"Vizuri tumejua," alisema mama. "Basi tukiona ukungu hatuondoki alfajiri. Tunangoja jua liutawanye, kisha tunashuka chini karibu na maji, tuone vijiji."

Ikapita hivyo. Mchana tukaenda Itungi wakalione ziwa. Lilikuwa jeupe, limenyooka, mpaka ng'ambo inaonekana. Ila mbali, juu ya maji, moshi ulikuwa umesimama. Si mmoja. Miwili, halafu wa tatu, mnene, mweusi, ukipinda juu kama unatafuta kitu.

"Meli inaungua?" aliuliza mzee.

"Meli tatu?" mama akamjibu. "Na ule ukungu wako uko wapi, kaka?"

Nilimpigia tena shangazi. Simu niliifungulia sauti ili wote wasikie.

"Shangazi, nkhungu imekwisha?"

"Ikwishe vipi? Inakuja ufukweni! Wanawake wote wamekimbia na vikapu."

"Vikapu vya nini?"

"Vya kuikusanyia, we mtoto! Jioni tunaisaga, tunaikaanga. Njoo ule."

Nilisimama na simu mkononi, nikautazama tena ule moshi. Ukungu hauokotwi kwa vikapu. Huokotwa wadudu, nao nawajua kwa kusikia: vijimbu vidogo vya ziwani vinavyoinuka kwa mamilioni mpaka vikafanana na moshi. Kwetu Makwale, huku kwenye mpunga, tulivisikia tu, na jina lake la ng'ambo sikuwahi kulijua. Ule haukuwa moshi. Na ndege nne zilikuwa zimeshapangiwa kupita chini, karibu na maji, humohumo.

Niliwaambia. Mzee aliangua kicheko.

"Tumempa kazi ya hali ya hewa mtu asiyetofautisha mbu na mvua!"

Mama hakucheka. Alikuwa anaitazama ile mihimili mitatu. "Kioo kinafunikwa mara moja," alisema polepole. "Huoni mbele. Na injini inavuta hewa kwa pua. Ikivuta wale..." Mzee akaitoa ramani akaikunjua.

Pale pale ufukweni wakaanza upya. Hakuna kushuka karibu na maji. Kupita kandokando ya milima? Mzee alikataa, upepo. Basi kuvuka juu sana, na wa mbele awe na mtu wa kutazama. Nilikuwa najiandaa kusema kwamba mimi nitawapokea kwa basi, kwamba shangazi anaumwa, chochote. Mdomo ulikuwa tayari wazi.

"Sisi tutaona moshi tudhani moshi," alisema mama. "Wewe ndiye utakayejua ni nini. Unakaa na mimi, ndege ya kwanza, kiti cha mbele."

"Ndaga," nilisema. Kwetu maana yake ni asante, na ndilo neno lililotangulia kutoka.

"Maana yake amekubali?" mzee akauliza.

"Amekubali," mama alisema, akaanza kukunja ramani.