Miski ya Chupa ya Paa

Shule niliiacha darasa la pili, sababu ya kiboko. Kwetu Idsowe njia ya shule ilikatiza pale anapopandia kutoka mtoni kwenda kula mahindi ya watu. Asubuhi moja akasimama katikati, mimi upande huu, mwalimu upande ule. Mwalimu akapiga kelele, "Usikimbie!" Yeye mwenyewe akatimua mbio. Nikarudi nyumbani, mama akanipa ungo nichambue mchele, basi nikakaa hapo hapo. Mchele wa siku hizo ulikuwa mtamu hata bila mchuzi, lakini hayo mengine. Ninachosema ni kwamba kusoma sikujua, na asiyejua kusoma hutazama picha.

Chupa ya mafuta ya miski ilikuwa na picha ya paa. Mama aliinunua kwa picha hiyo, nami nilipoanza kupika udi hapa Garsen nikafuata paa yule yule. Miski inatoka kwa paa, nani asiyejua? Unayeyusha sukari, unatia vijiti vya udi, unakoroga, mafuta yanakuja mwisho. Ukigeuza shingo tu, sukari imeungua, umepika makaa.

Mwaka juzi muuza mafuta kutoka Mombasa alinisomea ile karatasi ya chupa. Akacheka.

"Mama, paa gani? Hii inapikwa kiwandani. Wazungu walijua kutengeneza miski kwa dawa hata mama yako hajazaliwa. Na vanila, na harufu za maua yasiyokamulika mafuta. Bila hivyo manukato yangekuwa ya wafalme peke yao."

"Hata hizi za zamani?"

"Hata hizo."

Sikumwambia mtu. Nilimwogopea mteja mmoja, mzee wa Ozi, rika langu. Mama yake alifariki yeye akiwa kijana, akamwachia buibui. Kila mwezi alichukua udi wangu, akalifukiza lile buibui, akafunga mlango, akakaa nalo. Alinieleza mwenyewe, bila haya. Harufu ya mama, alisema, ingekuwa imeshapotea kama si mimi.

Siku moja mzee huyo alifika sukari ndiyo kwanza inachemka. Hakuketi.

"Dada, kuna kijana wa vipodozi pale stendi ananiambia miski yote ni dawa. Nimemtukana. Sasa niapie wewe."

"Keti kwanza kaka, chai ipo."

"Chai sitaki. Niapie ni ya paa."

Nikakoroga. Mimi kudanganya nimedanganya, hata umri wangu hakuna aujuaye. Lakini kuapa! Yeye anautazama mwiko tu.

"Si ya paa," nikasema.

"Tangu lini?"

Hapo ningenyamaza. Lakini nilidhani namfariji. "Tangu zamani, kaka. Hata ile ya mama yako. Ni hii hii, haijabadilika kitu."

Sukari ikaanza kushika rangi. Nikasikia pumzi zake.

"Kwa hiyo miaka yote hii," akasema polepole, "nimekuwa nikijifungia na kiwanda."

"Kaka, nisikilize..."

Mkebe aliokuja nao wa kutilia udi akauweka chini, mtupu. Nami kuinuka siwezi, sufuria iko motoni. Akapita kwa wauza mkaa, akavuka barabara kuu bila kugeuka. Hakurudi tena.