Kibao cha Bati Kwenye Mianzi ya Baba

Kile kibao nilikiandika mimi, na nilikipigilia mimi. Naanza na hilo kwa sababu watu wa parokia, wakitaka kunifariji, husema kosa ni la mpima ardhi, au la jirani, au la ofisi. Nimekuwa katekista kwa muda mrefu. Nimewafundisha wengi kuungama, na najua kuungama huanza na neno "mimi".

Kapela yetu iko ng'ambo ya kushoto ya mto, pale barabara ya Ubundu inapoanza kuziacha nyumba. Nyuma yake palikuwa na safu mbili za mianzi. Ya kwanza, iliyo karibu na ukuta, ni mianzi ambayo kila mtu wa Kisangani anaijua, ile ya kuezekea na kutengenezea vitanda. Haina mwiba hata mmoja. Safu ya pili ilikuwa hatua thelathini nyuma ya hiyo, nayo ilikuwa ya miiba. Ilikuwa imesongamana kiasi kwamba ukikata mwanzi wa katikati huwezi kuuchomoa. Unabaki umesimama humohumo, umekatwa na haujaanguka. Kati ya safu hizo akina mama wa kwaya walilima mihogo, na hapo ndipo lilipokuwa kaburi la baba yangu.

Safu ya miiba aliipanda baba. Alifanya kazi katika kituo cha utafiti Yangambi, akikausha majani kati ya magazeti na kubandika karatasi za majina. Alipostaafu alipanda mtumbwi na magunia mawili ya vipande vya mashina, akavizika kwenye mpaka wa kiwanja cha kapela, kwa maana mbuzi walikuwa wakiingia mpaka altareni. Padri wa wakati ule alipoandika hati ya kiwanja alimuuliza mmea ule unaitwaje, na baba akamtajia herufi kwa herufi: Bambusa arundinacea. Hivyo hati ikasema kwamba mpaka wa nyuma ni uzio wa Bambusa arundinacea. Baba hakusoma sana, lakini jina lile alilitamka kama mtu anayesoma somo la Jumapili. Alipokaribia kufa aliomba azikwe karibu na mianzi yake, na tukamzika pale.

Miaka michache iliyopita nilikwenda Yangambi kwa semina ya makatekista, nikaomba kuona mahali baba alipofanyia kazi. Mtafiti mmoja wa kike, mwenye umri wa binti yangu wa kwanza, alinifungulia makabati. Nilimsimulia habari za mianzi yetu, na alipokuja mjini kwa shughuli zake alivuka mto kuja kuiona. Asubuhi nzima alinifundisha. Aliniambia nisiangalie urefu wala rangi, kwa kuwa hivyo vinadanganya. Niangalie vifundo vya chini, mahali miiba inapotoka mitatu mitatu. Niokote ganda lililobanduka kwenye chipukizi na kuligeuza ndani nje. Kisha akanipeleka kwenye safu ya kwanza, nikapapasa mwenyewe vifundo vyake, nikaona jinsi vilivyo laini. Ile aliiita Bambusa vulgaris.

Kuhusu ya baba alisema, kwa upole, kwamba jina arundinacea wataalamu hawalitumii tena. Wana sheria yao: mmea mmoja ukigundulika una majina mawili, lililotangulia kuandikwa ndilo linalobaki. Lililotangulia ni bambos. Kwa hiyo mianzi ya baba ni Bambusa bambos.

Nilifurahi kama mtoto. Nilikata kipande cha bati, nikaandika jina jipya kwa rangi nyeupe, herufi nzuri, maana mkono wangu wa kuandika unasifiwa, nikakipigilia kwenye nguzo mbele ya kichaka kikubwa. Nilisema nafanya hivyo kwa ajili ya watoto wa katekisimu, wajue ukweli. Leo naona nilikuwa najionyesha. Mama mmoja wa kwaya, ambaye hajawahi kuniogopa, alisimama na jembe lake akasoma.

"Papa katekista," alisema, "wewe ndiye unatufundisha ubatizo ni mara moja tu. Sasa mianzi unaibatiza mara mbili?"

Wenzake walicheka mpaka wakakaa chini. Nami nilicheka.

Baadaye mfanyabiashara mmoja alinunua ardhi iliyo nyuma yetu, akataka kujenga ghala. Alisema ardhi yake inafika mpaka safu ya kwanza. Parokia ikaomba mpima ardhi aje kuamua, na mimi niliyejua historia yote nikawekwa kuwa shahidi. Nilikwenda nimevaa shati la Pasaka. Sikuwa na wasiwasi wowote. Hati ilikuwapo na mianzi ilikuwapo.

Mpima alitembea na hati mkononi mpaka kwenye safu ya miiba. Akasimama mbele ya kibao.

"Papa, nani aliandika hii?"

"Ni mimi."

"Iko jina ya kweli?"

"Ni jina la kweli."

"Arundinacea, hapana?"

Hapo ndipo ningeweza kusema ni kitu kimoja na kunyamaza. Lakini nilitaka kueleza vizuri. Nilimwambia kwamba arundinacea ni jina la zamani, kwamba siku hizi kuuita mmea huu hivyo si sahihi, kwamba wataalamu wana sheria. Alikuwa ameshaanza kuandika. Nilipofika kwenye miiba mitatu mitatu aliinua mkono.

"Bon. Papa, mimi sihesabu miiba. Hati inasema miiba?"

"Haisemi."

"Inasema mianzi, na jina. Hii iko na jina ingine, wewe mwenyewe umesema. Na ile kule karibu na kanisa, iko mianzi?"

"Ni mianzi, lakini ni ya aina nyingine."

"Iko na kibao?"

"Haina."

"Alors, ile ndiyo ya hati. Mpaka iko pale."

Jirani yetu mfanyabiashara, aliyekuwa amesimama kando, alitazama viatu vyake, na nadhani alikuwa akizuia kicheko. Mpima aliandika muhtasari juu ya kofia ya pikipiki yake, akanisomea. Kila neno nililosema lilikuwamo, bila kuongezwa wala kupunguzwa. Nilitafuta uongo katika karatasi ile ili nipate sababu ya kukataa kutia sahihi. Sikuupata. Nilitia sahihi, na jioni ile nilimwomba Mungu anionyeshe ni wapi nilipokosea, kwa kuwa nilikuwa nimesema kweli tupu.

Nilikwenda tena Yangambi. Mtafiti alishika kichwa. Aliniandikia barua iliyo wazi kabisa: majina yote mawili ni ya mmea mmoja, mmea huo una miiba, na mianzi iliyo karibu na kapela ni ya aina nyingine ambayo haijawahi kuitwa arundinacea. Akagonga muhuri. Nikaipeleka ofisi ya ardhi, Makiso, nikangojea kwenye benchi siku tatu. Mkubwa wa ofisi aliisoma mara mbili, na alinitendea kwa heshima. Alisema barua ni nzuri na ameielewa. Ila muhtasari umeshasajiliwa, una sahihi ya shahidi wa parokia, na shahidi huyo ni mimi. Kama parokia inataka, iende mahakamani.

Parokia haikutaka. Katika kikao cha kamati waliniambia, kwa maneno niliyoyatambua kwa sababu niliwafundisha mwenyewe, kwamba subira ni zawadi na kwamba Wakristo hawagombanii udongo. Mmoja alisema tumshukuru Mungu, kapela yenyewe imebaki. Nilishukuru. Sijui kukataa kushukuru. Lakini niliwaambia kwamba katika jambo hili zima kitu pekee kilichosahihishwa ni jina la mwanzi.

Jirani alitupa muda wa kuhamisha kaburi. Tulichimba mimi na wanaume wawili wa kapela. Ardhi ya huku haitunzi kitu. Tulikuta meno, kifungo cha chuma cha mkanda, na mizizi ya mianzi iliyokuwa imepita katikati ya kila kitu. Tulivitia ndani ya gunia. Baba aliyefika na mianzi yake kwa mtumbwi aliondoka amefungwa nyuma ya toleka, baiskeli ya kubebea abiria, nami nikitembea kando nimeshika gunia lisidondoke. Mwendesha toleka aliuliza ni mihogo au ni nini. Nilimwambia ni mzee wangu, akavua kofia, na njia nzima hakugonga kengele.

Mianzi ya miiba ilichomwa. Wiki nzima vifundo vyake vilipasuka kwa mlio motoni, na moshi uliingia kapelani wakati wa sala. Mama yule wa kwaya aliyenitania aliniletea kibao. Alikuwa amekiokota kabla moto haujafika. Alikiweka juu ya meza yangu akaondoka bila utani wowote.

Mpima nimemsamehe, na jirani pia. Neno hilo nililisema nimepiga magoti, na ninalisema kila siku ili liendelee kuwa kweli. Kwa baba ni vingine; huko anayedaiwa ni mimi. Kwenye makaburi ya mji nimemsimamishia msalaba wa mbao ngumu, uliopakwa rangi vizuri. Hauna maandishi. Watoto wangu huniuliza jina lake litaandikwa lini, maana katika ukoo wetu mwenye mkono wa kuandika ni mimi. Huwaambia rangi bado haijakauka.