Ukurasa wa Pili wa Emmanueli

Jiwe la kwanza lilimpata Moloimet sikioni akishuka garini. La pili lilimvunja meno. Ilikuwa Jumamosi ya Septemba 2007, saa nne na robo asubuhi, mbele ya mashine ya kusaga ya kijiji chetu cha Qurus. Aliyewapa watu sababu ya kurusha mawe hayo ni jirani yangu Emmanueli, mtu ambaye hata kuku alichinjiwa na mkewe.

Kwa miaka ishirini Emmanueli alilima mahindi na maharage ya ngwara, na alitusomea magazeti. Gazeti lilitufikia likiwa la wiki iliyopita. Alilisoma kwa sauti hadi mwisho, kisha akarudi juu. "Bado sijaelewa," alisema, nasi tukangoja. Tulimwita Mwalimu ingawa hakuwahi kufundisha.

Intaneti ilipofunguliwa Karatu mjini, akawa anakwenda kila Ijumaa. Habari zilikuwa nyingi kuliko muda, akajizoesha kusoma vichwa tu. Alirudi na vichwa kumi na tano, akavimwaga pale mashineni. Nasi tukazoea. Akijaribu kueleza zaidi, vijana walimkatiza: "Kwa kifupi, Mwalimu!"

Ijumaa ile alileta karatasi mbili, barua pepe iliyokuwa ikizunguka. Alitusomea mistari minne ya juu: gari jeupe, wanaume wanaoteka watoto na kuwatoa figo. Kesho yake Moloimet akaja kununua mahindi, maana kwao Ngorongoro hawaruhusiwi kulima. Pikapu yake ilikuwa nyeupe. Kitini alikuwa amelala binti yake Seenoi, wa miaka mitano.

"Gari lenyewe hili!" alipiga kelele Nehemia, fundi wa mashine. "Mtoto kalishwa dawa, ona, haamki!"

Walimvamia na mipini ya majembe. Nilimtoa Seenoi kwa mlango wa pili, nikamficha uso kwenye koti langu. Aliamka akilia, "Papa! Papa!"

"Anamwita baba yake, jamani!" alisema Marsela, aliyekuwa na debe lake kwenye foleni.

"Kafundishwa!" Nehemia akajibu, akapiga tena. Mfupa wa bega ulilia kama ukuni mkavu.

Emmanueli alikuwa kwenye foleni hiyo hiyo. Alitoa karatasi zake mfukoni atafute namba ya gari. Ukurasa wa kwanza haukuwa nayo, akafungua wa pili. Nilimwona akisoma, midomo ikicheza, kisha akajitosa katikati ya watu.

"Subirini niwasomee! 'Uvumi huu ulianzia nchi nyingine, na polisi wa huko baada ya kuchunguza...'"

"Kwa kifupi, Mwalimu! Ndiye au siye?"

"Siye!"

"Mbona jana ulisema wapo?"

"Jana sikufika ukurasa wa pili!"

Walicheka. Walicheka huku damu imewarukia mashatini. "Mzee Ukurasa wa Pili! Sogea, utaumia."

Tairi lilikuwa limeshaletwa. Nehemia alikuja na dumu la dizeli ya mashine. Emmanueli akamlalia Moloimet kifudifudi. Mpini ulimvunja mkono, mwingine ukamwingia mbavuni, na dizeli ikawalowesha wote wawili.

"Toka, Mwalimu!"

"Washa."

"Nasema toka!"

"Washa basi, Nehemia. Ni mimi niliyewaleta hapa."

Nehemia alishika kiberiti. Alichomoa njiti, akaivunja, akachomoa nyingine, akaivunja. Nyuma yake watu walianza kuondoka mmoja mmoja, wengine wakiacha hata unga wao. Polisi walipofika walimkuta bado amesimama na kiberiti mkononi.

Siku ya nne nilimsindikiza Emmanueli hospitali, mkono wake ukiwa kwenye plasta. Moloimet alikuwa amepoteza jicho la kushoto. Seenoi alikaa miguuni pake.

"Karatasi yako ilikuwa na jina langu?" Moloimet aliuliza.

"Hapana."

"Picha yangu?"

"Hapana."

"Basi ilikuwa na nini?"

"Rangi ya gari."

Moloimet aliniomba nimtoe mtoto nje. Nilipofika mlangoni nilisikia kofi, nikageuka. Emmanueli hakujikinga. Alivuta kiti karibu zaidi na kitanda, hadi pale mkono mzima wa Moloimet ungemfikia bila taabu.