Mama Yangu Siyo Kabla

Mama yangu anaitwa Josefina, lakini Kabuku nzima ilikuwa inamwita Mama Evodia. Evodia ni mimi. Siku hizi wapo wanaomwita Mama Kabla, na wakimwita hivyo wanacheka. Nataka kueleza kicheko hicho kimetoka wapi, maana nilikuwepo tangu mwanzo na niliona.

Saluni ya mama ni chumba kimoja cha mabati nyuma ya maduka ya barabarani. Babu yake alikuja huku kukata mkonge, akafa hana hata shamba. Mama alianza kwa kusuka watu vibarazani, baadaye akajitia kupamba maharusi, hakufundishwa na mtu. Ana utaratibu wake. Bibi harusi lazima aje wiki moja mapema ajaribiwe rangi, tena nje, saa saba, jua likiwa kali, kwa sababu mama anasema harusi za huku hazichezwi chini ya taa. Mashavuni haweki poda peke yake. Anachukua rangi ya mdomo, anaisugua kwa kidole pamoja na mafuta ya mgando, kisha anagusagusa shavu haraka haraka kama mtu anayejaribu pasi kama imepata moto. Jasho likija, haitoki.

Mwezi wa kumi na mbili akaja Kasmiri, wakala wa vipodozi kutoka Dar, na sanduku lake la magurudumu. Akatoa kikopo bapa chenye kioo.

"Hii blasha ni toleo maalumu, mama. Rangi ya matumbawe, ya kiangazi. Unapaka mashavuni. Zikiisha ndiyo basi, hazitengenezwi tena."

"Matumbawe ndiyo nini?"

"Mawe ya baharini. Yana wekundu fulani hivi."

"Kiangazi sisi tunakijua kwa mahindi kukauka," mama akasema, lakini kikopo alikuwa ameshakifungua. Mama anapenda rangi. Hilo ndilo kosa lake, kama ni kosa.

Alikuwa ametoka kuosha vichwa vitatu, jasho linamtiririka, dawa ya nywele imemganda kwenye paji la uso. Kasmiri akasema ampige picha moja kwanza, ya kumbukumbu. Akamsogeza kwenye kona yenye giza. Akamwambia asicheke. Mimi nikajiuliza, mbona mlango uko wazi na mwanga upo? Nilijiuliza tu. Sikusema.

Halafu akampaka. Ile poda ikakaa juu ya shavu kama majivu. Mama akaipangusa, akatia mafuta na rangi ya mdomo kwa kidole, akaweka ile poda juu yake, akatoka nje. Jamani! Mashavu yakawaka kama embe upande ule uliopigwa na jua. Kasmiri akapiga picha ya pili, mama anacheka meno yote nje.

Wiki mbili baadaye tangazo likazunguka kwenye magrupu ya simu. Kushoto yuko mama, kwenye ile kona, amenuna, juu yake pameandikwa KABLA. Kulia yuko msichana mweupe ambaye hatujawahi kumwona, mashavu ya matumbawe. BAADA.

Dominiko wa bodaboda ndiye aliyeanza. "Oyaa, Mama Kabla! Baada anakuja na basi la saa ngapi?" Wenzake wakapiga honi. Kila asubuhi hivyo hivyo. Walinitoa mimi kwenye jina la mama yangu wakaweka hilo.

Mama alivumilia. Lakini Jumatatu moja akaja Bi Hajira wa Kwaluguru, ambaye binti yake Husna alikuwa anaolewa Jumamosi. Kiti alipewa, hakukaa.

"Mama Evodia, usinielewe vibaya. Upande wa bwana harusi wameiona ile picha. Wanasema fundi mwenyewe ndiye kabla, mtoto wetu atatokaje? Tutampeleka Korogwe."

Tulikuwa tunaitegemea harusi ile. Maharusi wengine watatu wa ukoo huo walikuwa wanasubiri kuona Husna atakavyotoka, ndipo waje. Mama akajibu, "Sawa, Bi Hajira," akaendelea kusuka. Aliyekuwa anasukwa akapiga kelele, "Dada, unaning'oa!"

Alhamisi, siku ya gulio, Kasmiri akarudi na meza, mwavuli na bango lile lile. Mama yuko kwenye bango, mkubwa kuliko alivyo. Alipoambiwa, akafunga saluni, akanawa uso kwenye ndoo, akaenda gulioni hajajifuta. Mimi nyuma. Akakaa kwenye kiti cha wateja mbele ya meza ya Kasmiri.

"Mimi ni Kabla," akasema. "Nimekuja. Nipeleke Baada."

Watu wakajaa. Kasmiri akacheka kicheko cha kuomba msamaha, akachukua brashi, akapaka. Majivu. Akaongeza. Majivu.

"Ongeza saruji upige na lipu!" Dominiko akapaza sauti.

Kasmiri akafungua chupa nyingine, ya krimu nyeupe. "Tuanze na hii, mama, tung'arishe kwanza."

Mama akamshika mkono. "Hiyo siyo blasha. Hiyo ni kunitafutia uso mwingine. Yule msichana ndiye mimi nikishapakwa?"

"Yule ni mwanamitindo, mama..."

"Na baada yangu mimi iko wapi?"

"Haikupigwa."

Mimi huwa sisemi mbele za watu. Siku hiyo mdomo ulifunguka wenyewe. "Muongo! Ulimpiga nje ya mlango. Imo kwenye simu yako!"

Kasmiri akatia simu mfukoni. Dominiko, yule yule, akaegesha pikipiki nyuma ya sanduku la magurudumu. "Kaka, onyesha tu. Gulio bado refu."

Akaitoa. Ikapita mkono kwa mkono mpaka kwa Bi Hajira, aliyekuwa na kikapu cha nyanya. Akaitazama sana.

"Kumbe ilikupendeza hivi!"

"Ofisini ndio waliochagua," Kasmiri akasema. Hakuna aliyemuuliza walichagua nini. Tulikuwa tunakiona juu ya bango.

Bi Hajira akanunua kikopo kimoja pale pale. "Jumamosi umpake Husna hii hii, Mama Evodia."

"Uso ni ule ule ulioukataa Jumatatu," mama akamwambia.

Bi Hajira akainamisha macho kwenye nyanya zake. "Ni kweli. Nimekosa."

Tulienda, maana kazi ni kazi. Mama alimpamba Husna nje, juani, kwa rangi ya mdomo na mafuta ya mgando. Kikopo kilikaa mkekani, hakukifungua. Shangazi wa bwana harusi akaja kumwangalia Husna kwa karibu, kisha akauliza fundi anaitwa nani.

"Mama Evodia," nikajibu kabla mama hajafungua mdomo.

Ile picha ya KABLA bado inazunguka. Kila ikiingia kwenye simu ya mtu, mimi naisikia tena ile honi.